Miguu Inaelekea Wapi? Mikroprosesa na Mikrokontrola



Niliombwa nieleze tofauti za msingi kati ya mikroprosesa na mikrokontrola. Mada hii hufundishwa katika kila kozi ya elektroniki, na kwa kawaida mwanafunzi huondoka darasani na jedwali la safu mbili: huku kasi kubwa, kule kasi ndogo, huku bei ghali, kule bei nafuu, huku umeme mwingi, kule umeme kidogo. Jedwali hilo si la uongo, ila halimfikishi mbali mtu aliyesimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri akiwa na kazi ya kufanya. Kasi hupanda kila mwaka na bei hushuka. Mikrokontrola inayouzwa leo inaiacha mbali sana mikroprosesa iliyoendesha kompyuta za ofisini miaka 40 iliyopita. Kipimo kinachobadilika namna hiyo hakifai kuwa mpaka.

Kwa hiyo leo nitawaomba mtazame kitu kimoja tu: miguu ya chipu. Ihesabuni, kisha mwulize kila mguu unaelekea wapi. Dai langu ni kwamba miguu ya mikroprosesa inaelekea kwenye kumbukumbu, na miguu ya mikrokontrola inaelekea nje, kwenye swichi, taa, mota na vihisi. Tofauti za bei, umeme, muda na hata usiri wa taarifa zinatokana na hilo.

Kikokotoo kimoja, majibu mawili

Tuanzie kwenye chimbuko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani iitwayo Busicom ilihitaji chipu za kuendeshea vikokotoo vyake vya mezani. Iliiendea Intel, kampuni changa ya Marekani ambayo biashara yake ilikuwa chipu za kumbukumbu. Mpango wa awali wa Busicom ulidai chipu nyingi, kila moja ikiwa na kazi yake maalumu. Ted Hoff wa Intel alikuja na wazo jingine: itengenezwe chipu moja ya jumla inayosoma maagizo na kuyatekeleza, na maagizo yenyewe yakae kwenye kumbukumbu. Ukitaka kazi nyingine, unabadilisha maagizo, chipu inabaki ileile. Federico Faggin aliongoza usanifu, akifanya kazi bega kwa bega na Masatoshi Shima wa Busicom, naye Stanley Mazor akiwa amechangia mpangilio wake. Novemba 1971 Intel ikaitangaza chipu hiyo kwa wanunuzi wote kwa jina la 4004. Ilikuwa na transista zipatazo 2,300 na miguu 16.

Wengi tunaikumbuka 4004 na kuwasahau ndugu zake. Iliuzwa kama familia ya chipu nne: 4001 ilitunza programu, 4002 ilitunza namba za muda, 4003 iliongeza njia za kutolea ishara, na 4004 ikafanya hesabu. Bila hao watatu, 4004 haikuwa na pa kusoma agizo wala pa kuandika jibu. Mikroprosesa ilizaliwa hivyo, na hadi leo iko hivyo: ni kitengo cha kufikiri ambacho hakifanyi lolote mpaka kizungukwe na wengine.

Mwaka huohuo wa 1971, kwenye kampuni ya Texas Instruments, Gary Boone na Michael Cochran walikuwa wakihangaika na tatizo hilohilo la kikokotoo. Wao walikusanya prosesa, kumbukumbu ya programu, kumbukumbu ya muda na njia za kuingizia na kutolea ishara, wakaviweka vyote kwenye kipande kimoja cha silikoni. Kazi hiyo ilizaa TMS1000, iliyoingia sokoni mwaka 1974. Programu yake haikuzidi kilobaiti 1, na kumbukumbu yake ya muda ilikuwa na nafasi 64 za biti nne nne. Mtu wa leo atacheka. Hata hivyo nafasi hiyo ilitosha kuendesha Simon, mchezo wa taa nne za rangi uliotoka mwaka 1978, ambamo mtoto hukumbuka mfuatano wa taa na sauti kisha kuurudia kwa kubonyeza. Mtengenezaji wa mchezo hakuhitaji kitu chenye uwezo wa kufanya kila kazi. Alihitaji kitu cha kufanya kazi moja, kwa bei ambayo mzazi ataimudu.

Miguu 40 kwa miguu 40

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kompyuta ya kwanza ya binafsi ya IBM, iliyotoka Agosti 1981, kwa sababu ilibeba chipu zote mbili, na zote mbili zilikuwa za muundo wa Intel zenye miguu 40. Mtu akiziweka mezani ubavu kwa ubavu, jicho pekee halitoboi siri. Ni lazima usome kazi ya kila mguu.

Ndani ya kasha kuu kulikuwa na mikroprosesa 8088. Kati ya miguu yake 40, miguu 20 ni ya anwani: ndiyo inayotaja ni nafasi ipi ya kumbukumbu inayotakiwa. Ukiwa na njia 20 unaweza kutaja nafasi 1,048,576, yaani megabaiti moja kamili. Minane kati ya hiyo 20 hupokezana kazi, mara ibebe anwani, mara ibebe data. Inayosalia ni ya umeme, ya mapigo ya saa, na ya ishara za kusema sasa nasoma, sasa naandika, sasa nasubiri. Huoni mguu hata mmoja uliotengwa kwa ajili ya kuwasha taa au kusoma swichi. Chipu nzima inatazama kumbukumbu, na chochote kingine inakifikia kwa kupitia watu wa kati. Kwenye bodi ile ya IBM watu wa kati walikuwa wengi: 8253 ya kupima muda, 8259 ya kupanga foleni ya vifaa vinavyoomba kuhudumiwa, 8255 ya kuingiza na kutoa ishara, 8284 ya kutengeneza mapigo ya saa, pamoja na safu za chipu za kumbukumbu.

Sasa fungua kibodi ya kompyuta hiyohiyo. Humo utakuta 8048, mikrokontrola ambayo Intel iliitoa mwaka 1976. Ndani yake mna kilobaiti 1 ya programu, baiti 64 za kumbukumbu ya muda, na kipima muda chake yenyewe. Kwa kuwa kumbukumbu imekwisha kuwamo, miguu imepata nafasi ya kufanya kazi nyingine: 27 kati ya 40 ni ya kuingiza na kutoa ishara. Kibodi ilikuwa na vitufe 83 vilivyopangwa kwenye wavu wa nyaya. Chipu inapita mstari hadi mstari ikikagua kitufe kipi kimebonyezwa, bila kupumzika, kisha inatuma namba ya kitufe kwenye waya mmoja kuelekea kasha kuu. Kidole kikiachia, inatuma taarifa nyingine. Haijui kwamba kitufe fulani ni herufi A. Hilo huamuliwa na 8088. Yenyewe inajua namba za vitufe, na inazijua vizuri.

Huo ndio mgawanyo wa kazi tunaoukuta hadi leo. Prosesa ya kompyuta ya mezani ya kizazi cha soketi ya Intel iitwayo LGA1700 ina miguso 1,700, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya kuingiza umeme, ya kwenda kwenye kumbukumbu, na ya njia za kasi za kuunganisha vifaa vingine. Upande wa pili, ATmega328P, mikrokontrola iliyopata umaarufu kupitia bodi za Arduino zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ina miguu 28 katika umbo linalopendwa na wanafunzi. Kati ya hiyo, 23 unaweza kuiagiza upendavyo. Ndani mna kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2 za kumbukumbu ya muda, na kilobaiti 1 ya kutunza mambo ambayo hayapaswi kusahaulika umeme ukikatika.

Yanayofuata

Kwanza ni gharama ya bodi. Mikroprosesa inahitaji kumbukumbu za nje, kisimamizi cha umeme wa viwango kadhaa, na mamia ya njia za shaba zilizopimwa urefu kwa uangalifu ili ishara zifike pamoja. Bodi ya namna hiyo huwa ya matabaka mengi, na fundi wa mtaani hawezi kuichora na kuilehemu mwenyewe. ATmega328P inaamka kwa kupewa umeme, kapasita chache na, ukipenda usahihi wa saa, fuwele moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijenga kwenye bodi ya majaribio kwa mchana mmoja.

Pili ni umeme. Kila taarifa inayosafiri nje ya chipu inatumia nguvu, na kumbukumbu kubwa ya muda inahitaji kuhuishwa kila mara ili isipoteze ilichobeba. Prosesa ya kompyuta ya mezani huhesabiwa kwa makumi ya wati, ndiyo maana ina feni juu yake. ATmega328P ikilazwa usingizi mzito kwa volti 1.8 hutumia mkondo wa takriban mikroampea 0.1. Kwa kiwango hicho, betri ndogo ya duara itazeeka yenyewe kabla chipu haijaimaliza. Chombo cha kupima unyevu wa udongo, kinachoamka mara moja kwa saa, kinasoma, kinatuma na kurudi kulala, kinawezekana kwa sababu hiyo.

Tatu ni muda, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi hudanganywa na neno kasi. Kuwa mwepesi na kufika kwa wakati ni mambo mawili. Injini ya gari ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inafanya mizunguko 100 kwa sekunde, yaani nyuzi 36,000 kwa sekunde. Nyuzi moja inapita katika sehemu 28 hivi za milioni za sekunde, nikimaanisha mikrosekunde 28. Cheche au mafuta yakichelewa kwa nyuzi kadhaa, injini inapoteza nguvu au inagonga. Kompyuta yenye mfumo endeshi mkubwa inaweza kufanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde na bado ikakosa miadi hiyo, kwa sababu wakati ule ilikuwa inahudumia programu nyingine, au data iliyotakiwa ilikuwa bado iko njiani kutoka kwenye kumbukumbu ya nje. Mikrokontrola inayokwenda megahezi 16 ina pigo moja kila nanosekunde 62.5, na maagizo mengi ya ATmega328P yanamalizika kwa pigo moja. Mwandishi wa programu anaweza kuhesabu kwa kalamu na karatasi agizo lake litatekelezwa lini. Uhakika huo ndio unaolipiwa kwenye breki, kwenye mashine za hospitali na kwenye mitambo ya viwandani.

Nne ni programu yenyewe. Mikroprosesa hualika wageni: leo unaweka programu ya barua, kesho ya mahesabu, keshokutwa mchezo. Kwa hiyo inahitaji mfumo endeshi, kama Linux au Windows, wa kugawa kumbukumbu na kuzuia programu moja isivamie eneo la nyingine. Mikrokontrola kwa kawaida ina programu moja iliyochomwa kiwandani au mezani kwa fundi, inayoanza mara umeme unapoingia na kuzunguka palepale hadi umeme ukatike. Penye kazi kadhaa za kupokezana huwekwa kipangaji kidogo, mfano FreeRTOS, lakini mwenye nyumba anabaki mmoja.

Chipu iliyo mfukoni mwako

Tano ni usiri, jambo ambalo majedwali mengi hayalitaji kabisa. Mfano wake kila mmoja wetu humu ukumbini anao. Toa laini ya simu uigeuze. Kile kibati cha rangi ya dhahabu kimegawanywa vipande vichache: kimoja cha umeme, kimoja cha ardhi, kimoja cha mapigo ya saa, kimoja cha kuianzisha upya, na kimoja tu cha mazungumzo ya kawaida ya data. Chini yake kuna mikrokontrola kamili, yenye prosesa, programu na kumbukumbu zake.

Kwa nini watengenezaji hawakutumia kumbukumbu tupu, ambayo ni rahisi zaidi? Kwa sababu ndani ya laini kuna ufunguo wa siri unaokutambulisha kwa mtandao. Mtandao hutuma namba ya kubahatisha, laini huipiga hesabu kwa kutumia ufunguo ule, kisha hurudisha jibu. Ufunguo hautoki nje hata siku moja. Kama kumbukumbu ingekuwa chipu ya pembeni, mwizi angetega nyaya katikati na kusoma kila kinachopita. Kwa kuwa prosesa na kumbukumbu zimo ndani ya kipande kimoja, nyaya za kutegwa hazipo. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu ya kutuma na kupokea pesa ilikaa ndani ya laini yenyewe. Ndiyo sababu mtu mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti wala skrini ya kugusa, aliweza kutuma fedha kwao. Simu ilikuwa dirisha tu. Kazi nyeti ilifanywa na chipu ndogo kuliko ukucha.

Mita ukutani

Mfano wa pili wa nyumbani ni mita ya umeme wa kulipia kabla, ile tunayoiita LUKU huku Tanzania. Humo ndani mikrokontrola inafanya mambo manne. Inapokea vipimo vya umeme unaopita na kuvigeuza kuwa uniti. Ile taa nyekundu inayomweka ndiyo sauti yake, na kama usoni pameandikwa 1000, basi kumweka mara 1,000 ni uniti moja. Inasoma vitufe. Inaamuru swichi kubwa ya ndani ifunge au ikate. Na inahifadhi salio mahali ambapo hata umeme ukikatika wiki nzima, litabaki.

Unapoingiza tarakimu 20, mita haiulizi makao makuu chochote. Inafumbua namba ile kwa ufunguo iliouhifadhi ndani, inaona ni uniti ngapi, na inakagua kama tokeni hiyo imekwisha kutumika. Ukaguzi huo unategemea wakati tokeni ilipotolewa, uliohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, kwa mujibu wa mfumo wa tokeni uitwao STS, ulioanzia Afrika Kusini. Hesabu hiyo ilipewa biti 24. Biti 24 zinahesabu dakika 16,777,216, na dakika hizo zilifika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, tokeni mpya ingeonekana kwa mita kuwa ya zamani kuliko zote, nayo ingeikataa.

Mnakumbuka yaliyofanyika ili kuepuka hilo: mwaka 2024 wateja wa Tanzania na Kenya walitumiwa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya kundi moja. Mawili ya kwanza yalibadilisha ufunguo na kuifutia mita kumbukumbu ya tokeni za nyuma, la tatu likaingiza uniti. Sasa hesabu inaanzia 2014 na itafika hadi 2045.

Wako waliolalamika kwamba kompyuta ingejisahihisha yenyewe usiku kupitia intaneti. Ni kweli, ingeweza. Lakini kompyuta hiyo ingekula umeme saa zote, ingehitaji mtandao kwenye kila nyumba, na ingekuwa na mlango wa kuingilia mhalifu aliye mbali. Aliyechagua mikrokontrola yenye vitufe alichagua kitu rahisi, kigumu kuvamiwa na chenye maisha marefu, na bei yake ilikuwa kwamba siku ya marekebisho ikifika, mlango pekee ni kidole cha mteja. Tukifundisha uhandisi tuufundishe hivyo, kila uamuzi na gharama yake.

Mpakani

Mtaniuliza: je, mpaka huo bado upo? Upo, ila umechakaa. Kampuni ya Raspberry Pi inauza vyote viwili. Bodi yake ya kwanza ya mwaka 2012 ni kompyuta inayoendesha Linux. Pico yake ya mwaka 2021 imebeba mikrokontrola RP2040 yenye viini viwili, kilobaiti 264 za kumbukumbu ya muda na kasi iliyotangazwa ya megahezi 133. Linganisha na megahezi 4.77 za ile 8088 ya IBM. Tena RP2040 haina kumbukumbu ya programu ndani. Inaisoma kutoka chipu ya pembeni. Kwa kufuata kitabu neno kwa neno, ungesita kuiita mikrokontrola. Tazama miguu yake, na wasiwasi unakwisha: mingi ni ya kuwasha, kusoma na kuongea na vifaa, na programu ni moja, ya mtu mmoja, inayojua kila pigo la saa.

Upande wa pili, chipu kuu ya simu janja imekusanya viini vya prosesa, picha, sauti na mawasiliano, mpaka mtu adhani ni mikrokontrola iliyonenepa. Bado kumbukumbu yake kubwa iko nje, bado inaalika programu za wageni, na bado inategemea mikrokontrola ndogo ndogo zilizoizunguka. Kifaa kimoja leo hubeba chipu za aina zote mbili, kama IBM ilivyofanya mwaka 1981.

Kuchagua

Kwa hiyo, kijana unayebuni mashine ya kuangulia vifaranga, usianze kwa kuuliza chipu ipi ina nguvu. Andika kwanza mashine itapima nini: joto na unyevu. Itaamuru nini: taa, feni, mota ya kugeuza mayai. Itakumbuka nini umeme ukikatika: siku ya ngapi ya uatamiaji. Hesabu njia hizo. Zikitosha miguu ya mikrokontrola, na kazi ikiwa ileile leo na mwaka ujao, umemaliza; kuweka kompyuta kamili humo ni kumtwisha mfugaji gharama, joto na kuharibika kusikokuwa na sababu. Lakini kama unataka kutambua sura za watu kwa kamera, kuhifadhi picha za miezi, au kuruhusu programu zitakazoandikwa na watu usiowajua, usiishindilie kazi hiyo kwenye kilobaiti 32. Tafuta mikroprosesa na ukubali gharama za jirani zake.

Kwenu walimu wenzangu, ombi langu ni moja. Mitihani yetu imezoea kudai orodha ya tofauti kumi, na mwanafunzi huzikariri jioni na kuzisahau asubuhi. Mpeni kifaa kibovu, rimoti, mita au kibodi, na karatasi ya maelezo ya chipu iliyomo. Aeleze kila mguu unakwenda wapi na kwa nini. Akiweza hilo, ataziandika tofauti kumi mwenyewe, na atakuwa tayari kutengeneza kitu ambacho mtu atakubali kukinunua.